Huyo Si Bata

Mjukuu wangu alimwona kwenye ziwa la bustani ya Qurm akapiga kelele: "Bibi, bata mweusi!" Kazaliwa hapa hapa Muscat, ana simu inayojua kila kitu, na kukuziwa hamjui. Bata gani huyo mwenye mdomo mwekundu uliochovywa manjano nchani, na vidole virefu visivyo na utando? Nikamwonesha mkia: kila akipiga hatua, anaunyanyua na weupe wa chini unachomoza.

Sisi tulikuja kutoka Unguja 1974, kwa kauli ya kaka yangu. Pasipoti yangu inasema 1975. Haidhuru. Mji ulikuwa mkavu, na ndege wa maji ulimkuta penye falaji, ile mifereji ya wenye mitende, au kwenye madimbwi ya wadi, yale mabonde makavu, baada ya mvua.

Mtaani kwetu maji yaliletwa na lori la buluu, yakaondoka na lori la manjano. Dereva wa hilo la manjano, Mbaluchi wa makamo, alikuwa mstaarabu kuliko majirani wote. Hakumpa mtu mkono kabla hajanawa. Alikokota mpira wake hadi shimoni, mashine ikaanza kunguruma, na harufu ikaingia mpaka jikoni. Udi haukufua dafu, wala mdalasini wa pilau. Mama alifunga madirisha yote, kisha akamtolea kahawa na tende. Siku moja nilimuuliza mzigo ule anaupeleka wapi.

"Ansab," akasema. "Kwa ndege."

Nilidhani mzaha. Kumbe maji yakishasafishwa huko, yanayozidi huachwa kwenye mabwawa; matete yakaota, na kukuziwa, ambaye hapendi kukaa mbali na pa kujificha, akajenga humo. Watoto wake wa mwanzo wakikua huwasaidia wazazi kulisha wadogo zao. Wangu hata sahani hawaondoi.

Kisha yakaja mabomba, malori yakapungua. Kimbunga Gonu cha 2007 kikaigharikisha Qurm. Bustani ikatengenezwa, na sasa watu wanawatupia ndege viazi vya kukaanga, pamoja na mfuko wake.

Ansab nako wapiga picha wanawafuata heroe, wageni wa msimu. Kukuziwa, mwenyeji wa mwaka mzima, akikatiza mbele ya kamera hufukuzwa kwa kuharibu picha.