Shati moja, bei mbili: kwa nini nguo ya Bujumbura haiuzwi bei ile ile Uvira

Kila mwaka, mwezi wa nane ukielekea kwisha, hapa Uvira inasikika lawama moja. Mzazi anatoka soko la Mulongwe na shati jeupe na kaptula ya bluu ya mtoto, anasema: «Shati hili hili Bujumbura ni nusu bei. Wamama wa hapa ni wezi.» Mimi nina watoto watatu wanaosoma. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu mwaka 2019, lakini nguo ya shule hakuna anayeitoa bure. Kwa hiyo nimelifuata swali hili kwa wauzaji wa Mulongwe, kwa mafundi wa cherehani wa Buyenzi kule Bujumbura, na kwa wamama wanaovuka Kavimvira kila siku na mzigo kichwani. Neno «wezi» halielezi hata robo ya mambo.

Tuanze mbali kidogo. Wanaofungua balo za mitumba mara nyingine wanakuta nguo ambayo bado ina karatasi yake ya bei. Niliwahi kushika koti la Zara, ile kampuni kubwa ya Hispania, na juu ya karatasi bei zilipangwa nyingi: ya euro, ya pauni ya Uingereza, na za nchi nyingine. Ukizigeuza zote kuwa dola, hazilingani. Hakuna mama wa sokoni aliyeziandika. Kampuni yenyewe ilikaa ofisini ikaamua kwamba koti moja, lililoshonwa mahali pamoja, liuzwe rahisi nyumbani Hispania na ghali zaidi ng'ambo.

Sababu zao ziko wazi. Kwanza kodi: Hispania TVA ni 21 kwa mia, Hungaria ni 27, na Marekani bei ya kwenye karatasi haina kodi ndani yake, inaongezwa kwenye kasha. Pili, usafiri na duane. Tatu, kodi ya nyumba ya duka na mshahara wa muuzaji. Nne, ndiyo kubwa: mfuko wa mnunuzi. Kampuni inauliza koti limegharimu kiasi gani, halafu inauliza pia watu wa mji ule wako tayari kutoa kiasi gani. Pale ambapo jina lake linaonekana la fahari, inapandisha. Pale ambapo kuna maduka mengi yanayoshindana, inashusha.

Sasa turudi kwetu. Kutoka Uvira hadi Bujumbura ni kama kilomita 30 tu. Lakini katikati yake kuna mpaka, na mpaka ni mahesabu. Kitambaa kingi cha nguo za shule kinatoka China. Kinashuka bandari ya Dar es Salaam, kinapita kwa lori au kwa treni hadi Kigoma, halafu kwa ziwa. Kikiingia Burundi kinalipa ushuru wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambao kwa nguo mpya zilizoshonwa tayari unafika 35 kwa mia tangu mwaka 2022, na TVA ya 18 kwa mia. Kikiingia Kongo kinalipa ushuru wa Kongo na TVA ya 16 kwa mia. Kikiingia Burundi kwanza, kikalipa kule, halafu mama akakivusha Kavimvira, kinakuwa kimelipa kule na kinadaiwa tena hapa.

Hapo wengi wananiuliza: «Lakini Kongo iliingia Jumuiya mwaka 2022, si mpaka umefunguka?» Jibu ni hapana, kwa sababu mbili. Hadi leo duane yetu inatoza kwa utaratibu wake wenyewe. Na hata sheria zote zingefuatwa, msamaha ni kwa bidhaa iliyotengenezwa ndani ya nchi wanachama. Mpango wa COMESA wa kuwarahisishia wafanyabiashara wadogo nao ni hivyo hivyo. Shati la China halibadiliki kuwa la Burundi kwa sababu limelala wiki moja katika duka la Bujumbura. Mama mwenye mashati ishirini ndani ya mfuko hana msamaha huo.

Zamani ingekuwa tofauti. Bujumbura ilikuwa na kiwanda cha COTEBU, na vikwembe vyake vilivaliwa sana upande wetu. Kalemie kulikuwa na Filtisaf, kiwanda cha nyuzi na vitambaa kwenye ziwa hili hili. Cha Kalemie kilikufa, na cha Bujumbura kilifungwa, baadaye kikafufuliwa kwa jina la Afritextile. Siku hizi ukisema «naenda Cotebu» kule Bujumbura, wengi wanaelewa unaenda sokoni.

Halafu kuna jambo la pesa, na hapa ndipo lawama nyingi zinapozaliwa. Katika mwaka wa 2025, dola moja kwa bei ya benki kule Burundi ilikuwa chini kidogo ya faranga 3.000. Barabarani ilikuwa zaidi ya mara mbili. Tuseme, kwa mfano tu, shati limeandikwa faranga 21.000 za Burundi. Mwalimu wa Bujumbura akihesabu kwa bei ya benki anaona shati la dola saba. Mtu wa Uvira aliyebadilisha dola zake barabarani kwa 7.000 anaona shati la dola tatu. Shati ni moja, karatasi ni moja, lakini mmoja anasema rahisi na mwenzake anasema ghali, na wote wawili wanasema kweli.

Mafundi wa Buyenzi wamenionyesha kitu ambacho sikukifikiria. Kitambaa chenyewe si rahisi kule, kwa sababu anayekiagiza hapati dola benki, anazinunua barabarani kama sisi, na anaweka bei kufuatana na hiyo. Kilicho rahisi ni mkono wa fundi. Yeye analipwa kwa faranga ya Burundi, na faranga hiyo imeanguka. Kwa hiyo ile «nusu bei» tunayoisifu, sehemu yake kubwa ni jasho la fundi wa Burundi ambaye mshahara wake hauwezi tena kununua kile alichokuwa akinunua. Na upande huu, fundi wa Uvira, mwenye nyumba ya kulipia kwa dola, anashindwa kushindana naye. Anabaki kushona vya arusi na vya kilio.

Bei haiendi upande mmoja siku zote. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 za dola hadi dola 2,50 kwa kilo, ili kulinda viwanda vyake. Marekani ikakasirika, na mwaka 2018 ikasimamisha msamaha wa ushuru kwa nguo za Rwanda. Lakini sisi wa Kivu tuliona jambo lingine: ghafla balo la mitumba likawa rahisi Bukavu na Goma kuliko ng'ambo ya mpaka. Watu wakaanza kuvusha usiku kuelekea Rwanda, wengine wakivaa nguo juu ya nguo. Wakati ule hakuna aliyesema wamama wa Bukavu ni wakarimu. Ushuru ulibadilika, basi, na mzigo ukageuza njia.

Mwaka 2025 vita iliongeza yake. M23 walipoingia Bukavu mwezi wa pili, mzigo uliokuwa ukishuka kwa njia ya Kamanyola ulipungua, na Uvira ikawa inaangalia Gatumba na ziwa tu. Mlango ukibaki mmoja, anayesimama mlangoni ana nguvu. Wamama wanaongea juu ya malipo yasiyo na risiti, kidogo hapa, kidogo pale. Ongeza na uhaba wa mafuta ya gari Burundi, uliopandisha nauli. Vyote hivyo vinaingia ndani ya shati la mtoto.

Sisemi wauzaji wa Mulongwe ni malaika. Wanakuangalia viatu kabla hawajataja bei. Aliyeshuka kwenye gari la shirika anatajiwa yake, na jirani anatajiwa nyingine. Lakini hicho ndicho kampuni za Ulaya zinachofanya kwa nchi nzima nzima, ila wao wanachapisha kwenye karatasi na wewe huwezi kubishana nao. Mama wa Mulongwe, ukimwambia «punguza, mama, nina watatu», anapunguza.

Kwa upande wangu, mwaka 2025 tulikusanyika wazazi wanne wa mtaa mmoja. Tulinunua kitambaa kwa jumla kutoka kwa mama mmoja wa Mulongwe, naye akatushushia kwa sababu tulichukua kingi. Tukampa fundi wa hapa hapa kazi ya watoto kumi na mmoja kwa mara moja. Bei haikufika ile ya Bujumbura. Ilikaribia, bila nauli na bila kupoteza siku mpakani, na pesa ya kushona ilibaki Uvira. Kuna jambo moja tunalopaswa kuwadai viongozi wetu: orodha ya malipo halali ibandikwe Kavimvira kwa maandishi makubwa, kwa Kiswahili, ili mama ajue cha kulipa na cha kukataa. Hadi siku hiyo, kabla ya kumwita mtu mwizi, muulize kwanza mzigo wake umepita mikono mingapi.