Utafiti wa Ifakara si wa kufungia kabatini

Wadau, kuna mali imelala bonde la Kilombero na haichimbwi kwa sururu. Kijana wa Katindiuka anamaliza chuo, anazunguka Dar na bahasha ya vyeti, wakati taasisi ya mjini kwao inachapisha tafiti kuhusu majirani zake. Ilianzishwa na Mswisi Rudolf Geigy mwaka 1956, leo inaitwa Ifakara Health Institute. Tafiti zake nyingi ziko kwenye intaneti, bure kabisa. Nani kati yetu anazisoma?

Hebu tuangalie mfano. Mwaka 1997 mradi wa KINET ulianza Kilombero na Ulanga. Watafiti waliwasikiliza kwanza wananchi, ndipo chandarua na dawa yake vikaingia sokoni kwa jina la Zuia Mbu. Waliouza ni wenye maduka, viongozi wa vijiji, watumishi wa afya, hata mapadri! Mwaka 2001 jarida la Lancet likatoa matokeo: watoto wachanga wanaolala kwenye chandarua chenye dawa walipanda kutoka chini ya asilimia 10 hadi zaidi ya 50 ndani ya miaka 3. Vyandarua hivyo vilihusishwa na ongezeko la asilimia 27 la uhai wa watoto wa mwezi 1 hadi miaka 4. Biashara ya duka la kijijini hiyo.

Leo vyandarua vingi hugawiwa bure, kwa hiyo nafasi imehamia kwingine: nje, jioni, kabla watu hawajalala. Mwaka 2016 Malaria Journal ilichapisha utafiti juu ya wakulima wa mpunga wanaohamia mashamba ya mbali na kulala vibandani. Watafiti wakabuni kibanda cha kubebeka kisichopitisha mbu. Wengine wakajaribu kanda za katani zenye dawa, viti, hata ndala.

Sasa nani atavitengeneza? Hapo wanatakiwa fundi turubai, mtu wa umeme wa jua, mkemia anayejua vibali vya viuatilifu, na mtu wa masoko. Peke yake hawezi hata mmoja wao.

Ushauri wangu: usiishie kwenye muhtasari. Nenda kurasa za mwisho, pale watafiti wanapotaja kilichobaki. Kisha funga safari hadi shambani ukaulize bei, maana kitu kufanya kazi kwenye majaribio si sawa na mkulima kutoa pesa mfukoni.

Wananchi wa Kilombero walifungua milango usiku ili mbu wahesabiwe, watoto wao wakatolewa damu. Tukilala, bidhaa itatoka ng'ambo, nao watauziwa maarifa yaliyotoka vyumbani mwao. Mwasemaje wadau?