Kiza cha Kusimama na Mapigo ya Moyo



Sisi washoni tunawaona sana wateja wakishika ukuta wakati wa kupimwa: "Ngojeni, naona kiza." Kwa mwari aliyejinyima kula ili gauni limkae, mara nyingi ni njaa na maji kidogo, tunampa chai, anapumzika. Kwa watu wazima, tumejifunza kutopuuza.

Msimu wa korosho tulipeleka nguo za harusi Nkowe, Ruangwa, mkoani Lindi. Bibi yake bi harusi, zaidi ya miaka 70, alikuwa akiyumba kila akinyanyuka kwenye sijda. Nyumbani walishazoea: "Uzee huo." Mwenzetu alipomshika mkono kumkalisha, vidole vikagusa mshipa. Mapigo yanakimbia, yanaruka, yanarudi, hayana mpango. Tukawaambia wanawe wampeleke kituoni.

Muuguzi alimpima presha amelala, namba ya juu 142. Akamsimamisha, ikawa 114. Akamwandikia rufaa akapimwe umeme wa moyo.

Presha ikishuka kwa 20 au zaidi namba ya juu, au 10 namba ya chini, ndani ya dakika 3 za kusimama, hiyo ni hali yenye kuhitaji daktari. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013, uliofuatilia watu zaidi ya 12,000, uliona kuwa wenye hali hii walipata zaidi ugonjwa wa mapigo yasiyo na mpangilio. Si kwamba kila anayeona kiza ana moyo mbovu. Lakini mishipa ya fahamu inayoongoza presha ndiyo inayoongoza na moyo, na moyo ukipiga ovyo, damu haisukumwi sawasawa. Vyumba vyake vya juu vikitetemeka tu, damu huweza kuganda humo; bonge likienda kichwani, ni kiharusi.

Kwa hiyo dada, mama akiamka, akae kwanza ukingoni mwa kitanda. Mshike mapigo dakika nzima. Hospitali, ombeni apimwe amelala na amesimama, maana akipimwa amekaa tu tatizo linaweza kujificha. Na dawa za presha asiache mwenyewe; amwambie daktari kuhusu hicho kizunguzungu.

Bibi alilia alipoambiwa asali kwa kukaa. Aliona ibada yake imepungua. Shangazi mtu akamwambia, "Mama, aliyekuruhusu kukaa ndiye unayemsujudia." Siku ya harusi alikaa kwenye mkeka, mjukuu wake akapiga magoti mbele yake kupokea dua.

Ruhusa ya mgonjwa ni rehema ya Mola. Tuwafikishie mama zetu mapema, kabla hawajaanguka. Allah awape afya na umri wenye kheri. Amin.