Likizo ng'ambo ya Ruvuma: hesabu siku za mtoto

Kusini mwa mji wa Mtwara, barabara hupita kwenye mikorosho hadi Kilambo, ukingoni mwa Mto Ruvuma. Ng'ambo ni Msumbiji. Wamakonde wapo huku na kule, hivyo shule zikifungwa kuna watoto wanaokwenda kwa bibi kama vile wanakwenda kijiji cha jirani.

Mto una saa zake. Huku karibu na bahari, maji hupanda na kushuka, mchanga nao huhama. Chombo husubiri maji yajae. Viboko na mamba wapo, kwa hiyo mtoto asichezee majini.

Mpaka nao una siku zake. Muda wa kukaa ukipita, mgeni ana kosa hata akiwa nyumbani kwa bibi yake, na shule zitafunguliwa bila yeye. Mzazi, soma muhuri pale pale dirishani, uhesabu kuanzia siku ya kuvuka, kisha panga arudi siku mbili tatu kabla. Mtoto awe na hati yake ya kusafiria na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Akipelekwa na mjomba, abebe barua ya ridhaa yenu. Chandarua kisisahaulike.

Tangu 2017 Cabo Delgado ina mapigano. Machi 2021 mji wa Palma ulishambuliwa na watu wengi wakakimbia. Uliza Uhamiaji kuhusu usalama kabla ya kufunga mizigo. Hali isipokuwa shwari, mwalikeni bibi avuke yeye, naye agongewe muhuri wake.