Singa Kwenye Ekseli

Zamani mtu akiniletea baiskeli sikuwa na haja ya kumuuliza anafanya kazi wapi. Niliipindua ikasimama juu ya usukani na tandiko, nikalegeza nati mbili za tairi la nyuma, nikachomoa ekseli na kutazama kilichomo. Wa mkonge alikuwa na singa zilizojiviringa kwenye chuma, nyeupe zilipoingia, rangi ya chai baada ya kulowa grisi. Nilizikata moja moja kwa ncha ya kisu, kwa sababu ukizivuta kwa pupa zinakukata kidole. Wa saruji ya Pongwe gololi zake zilikuwa zimeshikana kwa uji wa kijivu ulioganda, mpaka nizigonge ndipo ziachane. Wa bandarini spoku zake ziliota kutu ya chumvi kuanzia chini kwenda juu. Na wa karakana ya reli nilimjua kabla hajashuka, kwa mafuta mazito meusi kwenye mnyororo na kwenye kucha.

Hivyo ndivyo nilivyoijua Tanga. Wengine wameijua kwa ofisi zake au kwa ufukwe wa Raskazone. Mimi nimeijua kwa kuifungua nati.

Nilizaliwa mwaka 1961, Ngamiani, Barabara ya 12. Mgeni akisikia anwani zetu hushangaa, maana mitaa yetu haina majina ya viongozi wala ya miti, ina namba. Tulihesabu kuanzia ya 1 tukaenda, zote zimenyooka kama mistari ya daftari, na mtoto wa miaka minne aliyepotea aliulizwa swali moja tu: “Kwenu ya ngapi?” Upande mmoja wetu ilipita reli, ile ile ambayo Mjerumani alianza kuijenga hapa Tanga mwaka 1893 kuelekea Usambara. Kuvuka reli ndiko kulikokuwa kwenda mjini. Mama alikuwa akisema “naenda mjini” na kurudi kabla chai haijapoa.

Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba sita, ya miti na udongo, bati juu, baraza mbele, ukumbi katikati na uwa nyuma wenye kisima. Sisi tulikaa vyumba viwili. Kingine alikaa mzee wa Kinyamwezi aliyeletwa na SILABU, ofisi iliyoajiri vibarua wa mashamba, kukata mkonge kama manamba, ambaye mkataba wake uliisha lakini safari ya kurudi kwao hakuifunga. Chumba cha uwani alikaa mama wa Kidigo aliyekaanga mihogo ya kuuza. Chumba cha mbele alikaa kijana wa Kisambaa, fundi mchundo wa reli, na cha mwisho alikaa mjane wa Kibondei na wanawe. Wote walikuwa wakubwa zangu, na wote walikuwa na ruhusa ya kunichapa. Mzee yule wa Kinyamwezi nilimwita babu, na kuamkia kwake kulikuwa lazima hata kama nimemwona mara tatu asubuhi hiyo.

Baba alikuwa kuli. Bandari ya Tanga wakati ule meli kubwa haikuweza kufunga gatini, maji yalikuwa machache. Ilitia nanga nje, katikati ya ghuba, na mzigo ukapelekwa kwa matishari yaliyovutwa na tagi. Kwa hiyo kila gunia la kahawa ya Moshi na kila robota la mkonge lilibebwa mara mbili: mara ya kwanza kutoka ghalani kuingia tishari, mara ya pili kutoka tishari kuingia meli. Robota moja lilikuwa na uzito wa kilo 250 hivi, likishikwa na watu kwa kulabu. Kulabu ya baba ilikuwa na mpini wa mti uliokaa kiganja chake kiasi kwamba vidole vyake vinne vilichimba mahali pao. Akitoka kazini aliitundika kwenye mwamba wa baraza, na sisi watoto hatukuigusa.

Katika hesabu ya watu ya mwaka 1967 Tanga ilikuwa mji wa pili kwa ukubwa Tanzania Bara, baada ya Dar es Salaam tu. Sisi hatukuhitaji kuambiwa. Tuliusikia ukubwa huo alfajiri, kabla ya saa kumi na mbili, kengele za baiskeli zikipishana barabarani kama ndege waliochokozwa. Usiku tulilala na muziki. Atomic na Jamhuri Jazz zilikuwa bendi zetu, na palipokuwa na harusi ya wenye uwezo walikuja Black Star au Lucky Star wa taarabu, mama zetu wakavaa khanga jozi mpya na kurudi na sauti zimekauka.

Nilipomaliza darasa la saba, mwaka 1975, baba alinipeleka kwa fundi wa baiskeli aliyekuwa mtaa wa pili. Alimwambia maneno machache: “Mtoto ni wako, mifupa ni yangu.” Mwaka wa kwanza sikushika spana. Nilipiga pampu, nikasugua cheni kwa mafuta ya taa, nikaziba pancha. Mwaka wa pili akanifundisha kunyoosha ringi, na hiyo ndiyo kazi niliyoipenda mpaka leo. Unalizungusha tairi mbele ya jicho, unashika chaki karibu na ukingo, ringi linapokula upande chaki inaacha alama. Halafu unazipiga spoku kwa kidole, moja baada ya nyingine, kama mpiga gambusi. Iliyolegea inaguna, iliyobanwa kupita kiasi inalia juu. Unakaza robo, unalegeza robo. Fundi wangu alikuwa na umri mkubwa na macho yake yalikuwa yameanza ukungu, akafanya kazi yote kwa sikio.

Nilipojitegemea nilirudi kwenye baraza letu. Baba alikuwa ameacha kazi, mgongo umemkataa. Aliniona nainama kushika tairi kwa magoti, akaenda akaichukua kulabu yake, akaigongomea juu ya baraza kwa kichwa cha shoka na kusema nitundike baiskeli pale, nifanye kazi nimesimama. Hakuongeza neno.

Mji ulijaa kazi. Kiwanda cha mbolea, kiwanda cha chuma, sabuni, mbao, nguo, na mwaka 1980 saruji. Wanawake nao walipanda baiskeli, jambo ambalo watu wa mikoa mingine walilitazama mara mbili: baibui limekusanywa mkono mmoja, kapu la samaki kwenye karia. Baada ya vita vya Kagera vitu vikaadimika. Tairi lilikuwa la kibali, na mtu aliyepata baiskeli mpya ya Swala alitembea nayo siku ya kwanza akiikokota tu ili ionekane. Tairi kuukuu lililopasuka ubavu tulilishona kwa uzi wa mkonge na sindano ya magunia, mishono ya msalaba, ndani tunaweka kipande cha tairi jingine. Mishono yangu ilidumu msimu mzima wa mvua. Hata mwaka 1988 timu yetu ya mpira, Coastal Union, ilipochukua ubingwa wa nchi, niliwaona watu wakienda uwanja wa Mkwakwani juu ya tairi nilizozishona.

Mkonge ulianza kufa kabla hatujaelewa. Kamba za nailoni zilikuwa zimeshusha bei ulimwenguni, mashamba yakaota msitu, korona, mashine za kuchakata mkonge, zikazimwa moja moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 viwanda navyo vikafuata. Mimi sikusoma gazetini. Niliona wateja wangu wanakuja kwa miguu, baiskeli wanaikokota, haina ubovu.

“Fundi, niuzie.”

Mmoja wao simsahau. Alikuwa ametumikia kiwanda kimoja miaka kumi na tisa, akaambiwa mafao yake yatakuja, akangoja. Phoenix yake ilikuwa nyeusi, kengele inang’aa, na kila Ijumaa alikuwa akiileta niipake grisi hata ikiwa haihitaji. Niliitundika kwenye kulabu. Kila jioni alipita akakaa barazani, akaitazama, akaondoka. Alipokuja mnunuzi wa kutoka Muheza nilimtajia bei ya juu makusudi. Akalipa. Yule mzee alizihesabu zile fedha mara mbili, kisha akaniomba kengele. Niliifungua nikampa, na mnunuzi hakugombana.

Naandika haya kwa sababu vijana wa mtaani huniambia Tanga ilikuwa mji wa kulala. Si kweli, na inaniuma. Waliolala walilazwa. Watu walioamka saa kumi alfajiri kwa miaka thelathini hawawi wavivu kwa sababu lango limefungwa.

Tulipoitwa Jiji mwaka 2005 nilikuwa naziba pancha tatu kwa siku. Miaka michache baadaye zikaja bodaboda, na nashukuru, pikipiki nayo ina spoku na ina mnyororo. Bandari imechimbwa mpaka kina cha mita 13, meli zinafunga gatini, hakuna tena wa kupakia tishari. Mwaka 2017 liliwekwa Chongoleani jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, na tangu hapo bei ya viwanja imepanda hata huku kwetu. Barabara ya 12 kila nyumba ya tano sasa ni ghorofa. Ghorofa halina baraza. Lina geti.

Nyumba yetu iliuzwa mwaka jana. Warithi tulikuwa tisa na vyumba sita, na hakuna aliyekosea. Siku ya mwisho nilipanda juu ya ngazi na nyundo. Kulabu ilikuwa imezama kwenye mwamba, mti umeifumba kama kidonda kilichopona, ikanichukua saa nzima kuitoa. Mpini bado una mashimo manne. Niliweka vidole vyangu, havikukaa, mkono wa baba ulikuwa mpana.

Ng’ambo ya barabara kuna mwarobaini, mwenye nyumba wake ameniruhusu. Nimeifunga kulabu kwenye tawi nene kwa kamba ya mkonge, mizunguko saba, nikaivuta kwa uzito wangu wote kuijaribu. Saa nne asubuhi mwanafunzi wangu alileta pikipiki yenye ringi bovu. Tukalitoa, nikalitundika, nikamwambia afumbe macho na aanze na spoku iliyo karibu na valvu.