Barua kutoka Leicester: Kamati na Ije Mwisho

Mpwa wangu mpenzi,

Habari ya kwamba watu wa Kawangware wameipokea posa yako kwa bashasha, na kwamba binti mwenyewe ameridhia, ilinifika Ijumaa pamoja na habari nyingine ambayo haikunifurahisha kiasi hicho: kabla hata washenga hawajarudi kwetu Makina, Kibera, kueleza walivyokaribishwa, simu yangu ilikwisha nijulisha kwamba nimetiwa katika kundi la WhatsApp la kamati ya arusi, lenye jina lako na la mchumba wako, lenye mwenyekiti, katibu, mweka hazina na watu ambao sura zao sizijui, na kwamba mimi, kwa sababu tu ninakaa Uingereza, nimeteuliwa kuwa mlezi wa kamati. Mwanangu, ninakuandikia wewe peke yako, nje ya kundi hilo, nikuombe kamati hiyo muivunje, au walau muinyamazishe kwa muda, maana mmetanguliza jambo ambalo haki yake ni kuja mwisho.

Sizibezi kamati. Nimekulia Kibera, na ninajua kwamba tangu zamani mtu asiye na kitu huoza mtoto wake kwa mikono ya majirani, wala hahesabiwi kuwa ameomba. Ninakijua vizuri kikao cha Jumapili jioni kule Gatina, Kawangware: viti vya plastiki vimepangwa hadi mlangoni, birika ya chai inazunguka, na katibu, daftari likiwa pajani, anasoma ahadi za juma lililopita, kila jina likifuatwa na kiasi kilichoahidiwa, kisha kiasi kilicholipwa, na baina ya viwili hivyo ananyamaza kidogo kwa makusudi, amwangalie mwenye jina, halafu keki inaletwa, ikapigwa mnada, na aliyeinunua akairudisha mezani inunuliwe tena, hata keki moja ndogo, ambayo bado hakuna aliyeionja, ikaleta fedha ya kukodi hema na sufuria. Huo ni ustadi wa watu wetu, na huku niliko sijauona mfano wake.

Walakini fedha ya kamati haiji peke yake. Huja na macho ya waliochanga. Aliyetoa elfu mbili hataki kuona arusi ya elfu mbili, bali hutaka arusi ambayo atajisifu kwamba alikuwamo katika kuitengeneza, na kwa hiyo bajeti huandikwa kwanza, na fedha hutafutwa baadaye. Magari mawili huwa manne, mpiga picha huongezewa msaidizi, na siku ikikaribia, ahadi zikiwa bado ni ahadi, pengo huzibwa na bwana arusi mwenyewe kwa mikopo ya simu, ambayo haingoji hata fungate iishe ndipo idai. Watu wengi mtaani wanaishi na wenzi wao miaka na miaka bila ndoa, si kwa sababu hawaitaki, bali kwa sababu wanaingojea arusi. Bila shaka unawakumbuka wale wawili wa Nairobi ambao mwanzoni mwa mwaka 2017, baada ya kuahirisha kwa kukosa fedha, waliingia kanisani na nguo zao za kila siku na pete mbili za shilingi hamsini hamsini, wakatoka mume na mke kwa shilingi mia. Wahisani wakawaandalia arusi ya pili, ya fahari, siku ya Valentine mwaka huo huo. Nchi nzima iliizungumza ile ya pili. Mimi naona lililokuwa na maana lilikwisha katika ile ya kwanza.

Huku mambo ni kinyume chake. Jirani yangu, Mwingereza mpole, alipomwoza binti yake, nililetewa kadi miezi mingi kabla ya siku yenyewe, ikaniuliza kama nitakula kuku au samaki, na ikanieleza kwa adabu kwamba watoto hawakualikwa. Ukumbini kila mahali pa kukaa palikuwa na kijikaratasi chenye jina la mwenyewe, na cha kwangu kilikuwa kimekosewa herufi mbili. Nilicheka kimoyomoyo nikiwaza Kawangware, ambako hata aliyehamia jana huja na sahani yake. Lakini ubahili huo, ikiwa ni ubahili, umelitanguliza swali ambalo sisi huliacha hadi wali unapokwisha: watu wangapi?

Na swali hilo kwenu lina uzito zaidi, kwa kuwa Makina mnayoijua nyinyi siyo ile waliyoachiwa wazee wetu. Babu zetu Wanubi, askari wa Kisudani wa King's African Rifles walioketishwa Kibra, Kibera ya leo, waliishi katika msitu. Ardhi iliyotangazwa kuwa ya jeshi mwaka 1918 ilikuwa eka 4,197, na nyumba ya Mnubi ilikuwa na ua mpana, ambamo ngoma ya doluka ilipigwa usiku kucha na wanawake waliovaa gurbaba wakacheza bila kukanyagana. Hati tuliyokabidhiwa mwaka 2017 ni ya eka 288, na ua wa nyanya yako, ambamo mama yako aliolewa mbele ya umati, sasa una vyumba vya mabati vya kupangisha, na atokaye mlangoni hupigwa usoni na nguo za jirani zilizoanikwa. Hema la watu mia tatu mtalisimamisha wapi? Kwa hiyo, kabla ya kumwandikia mtu yeyote, kaeni nyinyi wawili, bila wazee na bila marafiki, mkiwa na karatasi, mseme kwa ukweli mna kiasi gani mkononi, mnadaiwa kiasi gani, kodi ya nyumba mtakayokaa itatoka wapi, na ni watu gani ambao wakikosekana arusi haitakuwa arusi. Idadi hiyo ndiyo itakayowaonyesha mahali, na mahali ndipo patakapowaonyesha gharama. Kamati ije baadaye, iambiwe kilichoamuliwa, isaidie kilichopungua.

Jambo la mahari lahitaji mashauri mapema, tena ya faragha. Wakwe zako asili yao ni Mumias, mji ambao Uislamu ulifika pamoja na misafara ya biashara kutoka pwani, na kwa hiyo watataja mahari na watataja ng'ombe pia, na mara nyingi katika kikao maneno haya mawili huchanganyika hata bibi arusi akakosa chake. Mahari ni haki yake mwenyewe, naye ndiye wa kuulizwa anataka nini. Ng'ombe ni heshima ya wazazi wake, nao wana njia yao ya kuzungumza. Mshenga wako na aviandike mbalimbali. Usiogope kusema uwezo wako ulipokoma, kwa maana hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, pale mila inapotaka mahari ili kuthibitisha ndoa, imeridhika na kiasi kidogo cha kuwa ishara tu.

Maadamu nimeitaja sheria, nimalizie hapo. Muulize imamu wa msikiti, mapema, kama ameidhinishwa na Msajili wa Ndoa, na kama yeye siye, nani atakayeisajili nikahi yenu na cheti kitatoka lini. Nikahi imo katika aina tano za ndoa zinazotambuliwa na sheria hiyo, na kwa upande huo mna bahati kuliko Waislamu wa huku, ambao wengi wao husomewa nikahi nyumbani wakadhani yamekwisha, ilhali mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua kwamba nikahi ya namna hiyo, bila taratibu za serikali, si ndoa mbele ya sheria, hata talaka yake haina pa kuandikwa. Wala msidhani kukaa pamoja miaka mingi kutawatosha: Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema kwamba dhana ya ndoa kwa kuishi pamoja ni ya nadra, haitolewi ovyo. Rafiki yako yule anayeoa kwa msajili mwambie asisahau ilani ya siku 21.

Tarehe sina maoni nayo, isipokuwa muepuke masika, kwa sababu bibi arusi atatembea kwa miguu hadi kwenye lami, na matope ya Kibera unayajua. Na muepuke Desemba, wakati nauli ya kutoka Mumias hupanda hadi wazee wakakaa nyumbani.

Mama yako ameniagiza shela. Nilikwenda Barabara ya Belgrave, ambako maduka ya dhahabu na nguo za arusi yamefuatana, na mwenye duka moja, mzee wa Kihindi aliyefukuzwa Uganda na Amin mwaka 1972, alinisalimu kwa Kiswahili safi cha Kampala. Baraza la mji huu liliwahi kutangaza katika gazeti la Uganda Argus kwamba Wahindi wa Uganda wasije Leicester. Walikuja, na mtaa huo ni wao. Nilipomweleza safari yangu alinisimulia kwamba yeye alioa katika chumba cha kupanga, mali yote ikiwa imebaki Kampala, mbele ya watu waliotosha sebule, huku mkewe amevaa sari ya kuazima. Kisha, akiwa bado anacheka, akanitajia bei ya shela ambayo ilinifanya niirudishe kabatini mara moja. Mwambie mama yako, kwa upole, aitafute huko Nairobi, Eastleigh au soko la Toi.

Mchango wangu nitautuma mara moja tu, kwa simu ya mchumba wako, si kwa mweka hazina, nanyi wawili mtajua wa nini. Wazee mtakapokwisha kubaliana nao idadi na mahali, niandikieni. Hapo ndipo nitakapokubali kushiriki katika kundi, na huo ulezi mpeni mtu aliye karibu, anayeweza kuja kuonja keki.

Wasalaam,
Mjomba wako