Mechi ya Marudiano

Kabla ya vita, timu yetu ya mtaani Buyenzi, Bujumbura, haikuwa na daraja lolote. Kocha alikuwa fundi cherehani. Ndiye aliyetushonea namba mgongoni, na kwa kuwa alikosea kuhesabu, tulikuwa na namba 7 wawili. Heshima ya nchi tuliwaachia klabu ya Vital'O, waliofika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1992 wakashindwa na Africa Sports ya Abidjan. Sisi tulikuwa watu wa mechi za kirafiki: Jumamosi kwenda, Jumapili kurudi, na mara nyingi safari ilikuwa ya kusini, Rumonge.

Gari lilikuwa la mfanyabiashara wa samaki wa ndagala. Lilioshwa Ijumaa, lakini harufu haikukubali kutoka, na wanaoketi nyuma walishuka wakinuka soko zima. Njiani tulisimama Mugere, penye lile jiwe lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe ya 25 Novemba 1871. Kila safari alitokea mtu wa kubisha kwamba hapo ndipo Wazungu wale walipokutana mara ya kwanza, na kila safari mwalimu mmoja kati yetu alimrekebisha: walikutana Ujiji, hapo Mugere walipita tu. Ubishi huo ulitufikisha Minago bila kuona urefu wa njia.

Rumonge ni nchi ya michikichi na mawese, na Kiswahili kimejaa pale kama kilivyojaa Buyenzi, kwa hiyo hatukujiona tumekwenda ugenini sana. Uwanja ulikuwa na mteremko kuelekea ziwani. Nahodha wetu akishinda kura ya sarafu alichagua kushuka kipindi cha kwanza, akiamini tutafunga mapema kisha tulinde. Hesabu nzuri, isipokuwa wenyeji walikuwa na dawa yake. Walitulisha kabla ya mechi. Ugali wa muhogo, maharage yenye mawese ya kutosha kung'arisha vidole, samaki mukeke wa kuchoma, na mama mmoja amesimama juu yako anakuuliza mbona huli, mwanangu, au chakula chetu kibaya? Utakataaje? Filimbi ikilia, mabeki wetu walikuwa wanakimbia huku wameshika tumbo. Tumefungwa na ugali ule mara nyingi kuliko tulivyofungwa na washambuliaji wao.

Refa alikuwa wao, na hilo lilieleweka. Wao wakija Buyenzi refa alikuwa wetu, na pilau pia ilikuwa kabla ya mechi.

Usiku tuligawanywa majumbani, wawili hapa, watatu pale. Mimi naona hapo ndipo mpira wenyewe ulipokuwa. Nililala chumba kimoja na kijana aliyekuwa amenikanyaga kisigino mchana, tukazungumza bei ya mawese, mahari, na kama kweli Bujumbura watu wanauza maji. Mabao nimeyasahau karibu yote. Majina ya mama wa nyumba zile ninayo.

Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Ndadaye aliuawa, na nchi ikapasuka. Mwaka 1995 vita vikaingia hata Bwiza na Buyenzi, mitaa iliyokuwa ikijisifu kwamba kwao hakuna anayemuuliza jirani kabila. Timu ilitawanyika bila kikao cha kuivunja: wengine Kigoma, wengine Uvira, wengine makaburini. Mmoja wa wale namba 7 alitoroka kwa njia ya ziwa, akafika Rumonge usiku hana kitu. Nyumba aliyobisha hodi ilikuwa ya beki mmoja wa kulia aliyewahi kumng'oa jino kwa kiwiko. Alikaa humo hadi mtumbwi ulipopatikana. Baadaye alinisimulia kwamba yule beki aliomba radhi ya jino kila asubuhi.

Mkataba wa Arusha ulitiwa saini Agosti 2000, amani ikarudi kwa vipande, na mpira ukarudi nayo, tena ukapanda cheo. Rais Nkurunziza, mwenyewe mwalimu wa michezo, alikuwa na timu yake, Haleluya FC, akizunguka nayo mikoani kucheza na timu za huko. Mwaka 2018 ikaripotiwa kwamba viongozi wawili wa Kiremba wamekamatwa kwa sababu ya jinsi Rais alivyochezewa vibaya katika mechi huko. Nilipoisikia habari hiyo nilimkumbuka kijana wa kisigino. Mechi ya kirafiki inataka watu wanaoweza kukanyagana na kulala chumba kimoja.

Mwaka uliofuata Burundi ilikwenda Misri, Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza. Tulipoteza mechi zote tatu bila kufunga bao, na Buyenzi ilishangilia hata hivyo.

Vijana wa mtaani leo wanacheza vizuri kuliko sisi, sina ubishi. Wana viatu, wana jezi zenye majina, na namba 7 ni mmoja. Lakini hawatoki. Jumamosi asubuhi ni kazi za jamii, na mchana kuna swali la mafuta: foleni ya petroli inaweza kumla dereva siku nzima na bado akarudi na tangi tupu. Mafuriko nayo hayakutusahau. Mwaka 2024 ziwa lilipanda likaingia majumbani Gatumba na Rumonge. Yote hayo ni kweli, nami siwalaumu. Ila nawasikia wakiitaja Rumonge wanaitaja kwa bei ya samaki, hawamjui mtu hata mmoja wa kule kwa jina.

Mara ya mwisho Rumonge walikuja kwetu Agosti 1993. Walikula pilau, wakafungwa, wakapanda gari lao wakidai refa amewauza. Marudiano hayajachezwa, na zamu ya kusafiri ni yetu. Kama kuna kijana wa Buyenzi anayesoma hapa na ana uhakika wa lita chache za petroli, aulize nyumbani kwa fundi. Cherehani bado inashona.